Herufi Ulizookota Kedowa

Mpendwa Mama,

Wiki iliyopita nilifunga cherehani mapema, nikamwachia jirani ufunguo wa kibanda, nikaenda Kedowa. Kaka Kipkorir aliniuliza naenda kutafuta nini huko, na hatuna tena mtu wa kumtembelea. Nikamwambia naenda kununua viazi. Viazi vimejaa soko la Merigi mpaka vinaoza, na yeye anajua hivyo, lakini tangu tukuzike amejifunza kutonichokoza.

Nilitaka kuona stesheni yako. Nimeisikia tangu nilipokuwa mgongoni mwako, na sikuwahi kuiona. Nilidhani ni jengo kubwa. Kumbe ni kijumba tu, paa limeshika kutu, na nyasi zimeota katikati ya reli mpaka mbuzi wanalisha hapo. Kwenye jukwaa, pale ulipokuwa ukisimama na maziwa, mama mmoja alikuwa ameanika mahindi. Aliponiona nimesimama nikitazama huku na huku akacheka.

"Unangoja treni?" akaniuliza. "Utangoja mpaka Yesu arudi. Ile ya abiria inapita usiku kama mwizi, na haisimami."

Nikamwambia mama yangu alizaliwa hapa, kwa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Akaacha kucheka. Akanipa kigoda, akaendelea kugeuza mahindi yake, na mimi nikakaa nikitazama ule ubao wenye jina la stesheni. Rangi imechubuka lakini herufi bado zinasomeka, nene, kubwa, nyeusi. KEDOWA. Nililia hapo, Mama.

Ulituambia kwamba Guka, baba yako, alikuwa mtu wa gengi la reli. Alitoka kwao upande wa Chebunyo na panga na blanketi, kwa sababu ng'ombe walikuwa wameisha na kodi ya mzungu haikuisha, akapata kazi ya kukaza misumari na kubadilisha mataruma, zile mbao za chini ya reli. Ulisema mikono yake ilinuka chuma hata siku ya Jumapili. Kwa sababu ya kazi hiyo mlipewa chumba kimoja kwa landhi, na kwa sababu ya kile chumba Mjomba akapata shule. Pale stesheni palikuwa na darasa la watoto wa wafanyakazi, mabanzi ubavuni na mabati juu, na mwalimu alikuja na treni Jumatatu akarudi nayo Ijumaa. Huko Chebunyo alikotoka Guka, binamu zenu walikuwa bado wanachunga, hawajui kitabu ni nini. Ulipenda kusema kwamba elimu ilikuwa kama moshi wa ile treni. Ukikaa karibu na reli unakufikia, ukikaa mbali unauona tu kwa mbali.

Lakini wewe ulikaa karibu na haukukufikia. Darasa lile lilikuwa la wavulana. Hakuna aliyeandika kwamba wasichana wasiingie, ulisema, ila hakuna msichana aliyeingia, na Guka hakuona sababu ya binti yake kuwa wa kwanza. Wewe ulipewa maziwa. Kila treni ikisimama ulikuwa unakimbia na chupa zako kando ya mabehewa, ukiinua mikono kwenye madirisha ya daraja la tatu, na abiria wakinywa ulikuwa unangoja wakurudishie chupa. Ni katika kule kungoja ndipo ulipoanza kutazama.

Mabehewa yalikuwa yameandikwa. Ubao wa stesheni ulikuwa umeandikwa. Magunia yaliyoshushwa yalikuwa yameandikwa, masanduku ya chai yaliyoletwa kwa lori kutoka Kericho yalikuwa yameandikwa, hata ndoo za mchanga za kuzima moto. Jioni Mjomba alikuwa anarudi kutoka darasani akiimba herufi, na wewe ukisonga kimyet, ugali wetu, jikoni ulikuwa unaimba naye bila yeye kujua. Asubuhi ulikuwa unakwenda kutafuta zile ulizoimba ubavuni mwa mabehewa. Ukiipata moja unaipigia makofi. Treni ikiondoka inaondoka na shule yako, unangoja nyingine.

Kisa cha ule mlango ulinisimulia mara moja tu, nami sikukisahau. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwetu ya mawe. Ukakimbilia kwenye chumba kilichokuwa karibu, ukaketi kwenye kiti chenye mto, chupa zako miguuni. Askari wa stesheni akaja na fimbo. Alikupiga mpaka chupa mbili zikavunjika, huku akipiga kelele, "Hujui kusoma? Hujui kusoma wewe?" Ukatoka nje ukilia, ukainua macho juu ya mlango, na ukaona herufi pale. Ulizijua karibu zote, moja moja, lakini hukujua zikishikana zinasema nini. Jioni Mjomba akakuandikia neno lile kwa kokoto juu ya chuma cha reli, akakusomea. EUROPEANS. Hilo ndilo neno la kwanza uliloweza kusoma lote, mwanzo mpaka mwisho. Wengine huanza na baba, mama, paka. Wewe ulianza na mlango usiotakiwa kuingia.

"Na yule askari," ulimalizia, ukicheka kile kicheko chako cha pembeni, "naye pia alikuwa hajui kusoma. Alikuwa anajua mlango tu."

Mjomba alipomaliza pale alipewa pasi ya watoto wa wafanyakazi, akapanda treni akaenda shule ya bweni. Ulimsindikiza ukiwa umembebea sanduku kichwani. Alirudi likizo na viatu, halafu akarudi na kalamu mfukoni, halafu akaacha kurudi. Alipata ukarani huko mbele, mahali treni inakokwenda, akaoa huko. Hukumlaumu. Ulisema tu kwamba aliondoka kabla hajakufundisha nusu ya pili. Wakati huo sikuelewa nusu ya pili ni nini. Nilidhani unasema nusu ya maisha.

Halafu zikaja siku zako za kukaa ndani kama wasichana wote wa rika lako, ukatoka ukiwa mwanamke, na Baba akakuleta Merigi, ambako hakuna reli wala mluzi wa treni, ni vilima na chai na ng'ombe. Kogo, mama yake Baba, alitangaza kila mahali kwamba mwanawe ameoa msichana wa stesheni anayejua kusoma. Mama, hukudanganya. Walikuletea gunia la mbolea, ukasoma kilichoandikwa. Wakakuletea kopo la dawa ya ng'ombe, ukasoma jina. Walitosheka. Kanisani wakakununulia Kitabu kwa lugha yetu, chenye jalada jeusi, ukawa unakwenda nacho kila Jumapili kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Hakuna mtu Merigi nzima aliyefikiria kukuuliza kama unajua zile herufi ndogo.

Hata sisi watoto wako hatukuuliza. Nakumbuka ulivyokuwa ukitufundisha jikoni kabla hatujaanza shule, kwa mkaa, juu ya kipande cha bati. Zote zilikuwa kubwa, nene, zimesimama wima. Tulipoingia nasari mwalimu alishangaa, kila mtoto wa nyumba hiyo anaandika kwa herufi kubwa tupu. Akatubandika jina, "watoto wa behewa." Kipkorir alipigana kwa sababu ya jina hilo. Mimi nililipenda, nilidhani behewa ni kitu cha heshima.

Tulipoleta vitabu vya shule nyumbani ulikuwa unavishika, unavigeuza, unavirudisha. "Haya maandishi ya mbu," ulikuwa unasema. "Macho yangu haiwezi." Baba akakununulia miwani kwa mchuuzi sokoni. Ukaivaa, ukasema sasa unaona vizuri, ukaendelea kutazama vichwa tu. Kanisani mhubiri akitaja somo, ulikuwa unafungua ukurasa bila kukosea, kwa sababu juu ya kila habari kuna kichwa kwa herufi kubwa, na kichwa uliweza kukisoma. Kilichofuata chini yake ulikijua kwa masikio. Kidole chako kilikuwa kinapita juu ya mistari na mdomo wako ukichezacheza, na mtu akikutazama angeapa unasoma.

Miaka thelathini na kitu, Mama. Mzigo huo uliubeba peke yako.

Halafu katika miaka hii ya tisini akaja yule mchungaji mpya, kijana, mwenye haraka, mtu mzuri. Akasema kina mama wasiwe wa kupika chai tu kanisani. Kila Jumapili mama mmoja atasimama mbele asome Neno, kwa zamu, nyumba baada ya nyumba. Kina mama wasiosoma wakasema wazi kwamba hawakusoma, wakapewa kuomba. Wewe jina lako liliandikwa kwa wasomaji bila mtu kukuuliza. Nani angekuuliza, msichana wa stesheni?

Ulikuja kibandani kwangu siku hiyo ya soko. Nilikuwa nakata kaptula za shule, ile buluu nzito. Uliketi kwenye benchi ya wateja, ukashika kipande cha kitambaa, ukakinyoosha gotini muda mrefu.

"Chelangat," ukasema, "iko kitu nataka kukuambia, na usicheke."

"Siwezi kucheka, Mama."

"Mimi najua kusoma ya treni peke yake."

Sikuelewa. Ukachukua chaki yangu ya kupimia nguo, ukaandika juu ya ile kaptula herufi kubwa, zote, kwa mpangilio, bila kuruka hata moja. "Hizi ni zangu," ukasema. "Zile ndogo za kitabu, hakuna mtu alinipatia. Nikiwa msichana nilifikiri ni lugha ya walimu. Nikafika kwenu nikaona aibu kuuliza. Aibu ikazeeka na mimi."

Sikucheka, Mama. Nilitazama kando ili usione macho yangu. Wewe pia ulikuwa unatazama kando. Daktari alikuwa amekwisha kukuambia kwamba sukari imeingia machoni, na kwamba macho hayo hayatarudi nyuma, yatakwenda mbele tu gizani. Ulitaka usome mara moja kabla hayajafika huko. Hukutaka kusoma ili usifiwe, kwa maana sifa ulikuwa nazo tayari. Ulitaka ile heshima uliyopewa bure na watu wa Merigi uilipie kwa mdomo wako mwenyewe.

Tukaanza. Nilikuwa naandika kwa chaki juu ya kitambaa cha sare, herufi kubwa na ndogo yake ubavuni. Wateja wakipita walidhani namwonyesha mama yangu kazi ya kukata nguo. Nikakwambia kubwa ni mama, ndogo ni mtoto wake. Ukaupenda mchezo huo.

"Hawa nakubali," ulisema. "O na o, S na s, mtoto ni mama mtupu. Lakini hii G! Weei, angalia mtoto yake. Hii aliletwa na nani?"

Nikacheka mpaka sindano ikanichoma. Zile zilizokusumbua ni b na d. Ulisema ni mapacha wenye vita, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Kila tukimaliza ulikuwa unazifuta kwa kiganja, mkono unabaki mweupe, unakwenda nyumbani kukamua ng'ombe na chaki vidoleni. Kuna msichana fulani wa shule, sijui ni yupi, aliyevaa sketi mwaka huo yenye g moja ndani ya pindo. Niliiona wakati nimekwisha kupiga pasi, nikaiacha.

Tulifanya hivyo majira yote ya mvua ndefu, chai ikichumwa asubuhi, chaki ikishikwa alasiri. Ilifika siku ukachukua Kitabu chako, ukakiweka juu ya meza ya cherehani, ukasoma mstari mzima. Ilikuchukua muda ambao mimi ningeshona mkono wa shati. Lakini ulikuwa unasoma. Hukuwa unabahatisha wala kukumbuka. Nilikufunikia mstari uliofuata kwa rula, nikafunua neno moja moja, na kila neno ulilitaja. Nikainuka nikakukumbatia, na sisi si watu wa kukumbatiana.

Somo lililoangukia zamu yako lilikuwa la yule mjane wa unga na mafuta, aliyekutana na nabii langoni wakati wa njaa. Ulilifanyia mazoezi kwangu, na nyumbani kwa kuku, ulivyosema mwenyewe. Jumapili ile ulivaa lile gauni la kijani nililokushonea. Mchungaji akaliita jina lako, ukaenda mbele, ukafungua kitambaa cheupe, ukaweka kidole.

Ukaanza. Neno moja, pumzi. Neno jingine, pumzi. Mimi nilikuwa nimekaa na kina mama upande wa kulia, nimeshika benchi kwa mikono miwili. Ulikuwa unakwenda polepole lakini hukukosea. Nabii amefika langoni. Amemwona mjane anaokota kuni. Amemwomba maji. Kanisa lilikuwa kimya, na kile kimya kikaanza kuwa kizito, watu wakaanza kukohoa na kutazamana. Ukafika pale mjane anaposema ameokota vijiti viwili akampikie mwanawe, wale, wafe. Hapo ukasimama kidogo, kwa sababu neno lililofuata lilikuwa refu na lina d na b ndani yake. Nilijua unafanya nini. Ulikuwa unawatenganisha wale mapacha.

Wao waliona umekwama.

Mama, wewe unajua desturi yetu kuliko mimi. Mtu akisimama mbele na akashindwa, akisahau shairi lake, akizidiwa na kilio akitoa ushuhuda, hatumwachi peke yake na aibu. Tunamwimbia. Mmoja anaanzisha pambio, wengine wanadaka, na chini ya wimbo yule mtu anapata njia ya kurudi kwenye kiti chake. Ni desturi nzuri. Nimeona ikiokoa watu wengi. Na Mama Ezekieli, rafiki yako wa miaka yote, mwenye sauti ya kengele, alikuona umesimama na kidole kwenye ukurasa, akakuhurumia kwa moyo wake wote, akaanzisha wimbo.

Ukainua mkono kusema ngojeni. Lakini kanisani kwetu mkono ulioinuliwa ni wa kuabudu. Walipouona wakazidisha. Kayamba zikalia, wazee wakasimama, makofi yakapigwa. Niliona mdomo wako ukifunguka na kufungika katikati ya zile sauti. Ulilitaja lile neno refu, Mama. Niliuona mdomo wako ukilitaja, sawasawa, mpaka mwisho. Hakuna aliyelisikia. Mchungaji akakushika bega, akachukua Kitabu mkononi mwako kwa upole, na wimbo ulipotulia akasoma sehemu iliyobaki kwa haraka, kama mtu anayewahi gari la mwisho.

Nje walikuja kukusalimia mmoja mmoja. "Pole, mama. Usijali. Hata sisi hatukusoma." "Mungu anaangalia roho." Mama Ezekieli alikushika mikono miwili akakwambia, "Si ungetuambia tu, dada yangu? Tungekuelewa." Nawe ulikuwa unatabasamu na kusema asante, asante sana. Miaka yote ulipokuwa hujui, walikuamini. Siku ulipojua, ndiyo siku walipoacha kukuamini. Nilikuwa na hasira, na mpaka leo ninayo, na kinachoniuma zaidi ni kwamba sina wa kumkasirikia. Hakuna aliyekutendea ubaya. Wote walikupenda.

Tulirudi nyumbani. Ulipika chai, ukanimiminia, ukafungua kile kitambaa cheupe tena juu ya meza ya jikoni.

"Keti," ukaniambia. "Nimeacha yule mama ya watu kwa njia akiokota kuni."

Ukasoma, Mama. Kuanzia pale walipokukatiza. Neno na pumzi, neno na pumzi, mpaka akaoka ule mkate mdogo, mpaka unga haukuisha katika chungu wala mafuta katika chupa. Uliposoma hapo ukarudia mstari ule kwa sauti ya chini.

"Hii hadithi nimesikia maisha yangu yote," ukasema. "Leo ndiyo nimeiona."

Nikakwambia nitakwenda kuwaambia. Nitamwambia mchungaji, nitamwambia Mama Ezekieli, nitasimama Jumapili ijayo. Ukakataa.

"Utawaambia nini? Watasema unanitetea kwa sababu mimi ni mama yako. Wacha. Zamu itarudi, nao watangoja mpaka nimalize."

Tukangoja zamu. Wewe uliendelea kusoma jikoni, mstari mmoja mmoja, ukisogeza Kitabu karibu na dirisha, halafu karibu zaidi, halafu nje juani. Kanisani walikuwa wamekupangia msichana wa kukaa nawe akufungulie ukurasa. Ulimwacha akufungulie. Macho yakaisha kabla zamu haijazunguka nusu ya kina mama. Baadaye sukari ikachukua mguu mmoja, na baadaye wewe mwenyewe. Katika siku zako za mwisho ulikuwa unapitisha kidole juu ya blanketi, na nilipokuuliza unatafuta nini ulisema unasoma.

Kule Kedowa, nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha watu, nilijaribu kupima niichukie reli au niishukuru. Mgala muue na haki yake mpe. Bila ile reli, Guka angekufa hajui shule, na Mjomba asingeshika kalamu, na wewe usingejua hata K. Lakini haikuja kutufundisha. Ilikuja kubeba chai na mahindi ya wenyewe, na kilichoandikwa juu yake waliandikiana wao kwa wao. Waliweka shule pale ilipowafaa, wakaingiza aliyewafaa, na sisi tuliobaki tukaokota kama kuku anavyookota nyuma ya gari la mahindi. Wewe uliokota herufi ishirini na sita. Nusu ya pili walikwenda nayo.

Na sasa niseme kilichonifanya nikuandikie hadharani, watu wote wasome, badala ya kukuambia kaburini peke yangu.

Siku ya mazishi Kipkorir ndiye aliyesoma historia yako. Alikuwa ameiandika vizuri, kwa uchungu na kwa upendo, na watu walikuwa wengi mpaka kwenye mashamba ya chai. Akafika pale akasema, "Mama yetu hakujaliwa kujua kusoma, lakini alitusomesha sisi sote." Watu wakaguna kwa huruma, wengine wakajibu amina. Kipkorir hakuwepo Merigi wakati ule wa chaki. Alisema alichokijua, na alichokijua ndicho kila mtu pale alichokijua.

Nilisimama. Sijui nilisimamaje, miguu ilinipeleka mbele yenyewe mpaka penye jeneza. Nilitaka kusema neno moja tu, kwamba si kweli, kwamba alisoma, kwamba nilimsikia. Nikafungua mdomo na sauti haikuja, yalikuja machozi. Nikajaribu tena. Nilikuwa na lile neno mdomoni, Mama, nilikuwa nalitafuta, ningelifikia. Nikainua mkono wangu waningoje.

Na Mama Ezekieli akanishika mabega kutoka nyuma, akaanza kuimba.

Wote wakadaka. Waliimba vizuri sana, waliimba mpaka nikarudishwa kwenye kiti, mpaka jeneza likashushwa, mpaka udongo ukamalizwa. Sikulisema.

Kwa hiyo naliandika. Hapa kwenye karatasi hakuna anayeweza kunianzishia wimbo, na mwenye haraka aende zake. Mama yangu alijua kusoma. Alisoma kwa mdomo wake, habari nzima, akamaliza, na mimi nilikuwepo.

Lala salama, Mama. Nimekuandikia kwa mwendo wako.

Kitinda mimba wako, Chelangat,
Merigi